Gia Fupi Iliyokataa Kutoka

Katika kila lugha niliyowahi kuombea lifti, neno la kwanza nililojifunza lilikuwa "simama" na la pili "taratibu". Hilo la pili ndilo lililoniokoa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo nilipofika kwenye kituo cha mifugo nikitafuta gari la kunipandisha milimani, na kuambiwa kwamba dereva anaitwa Taratibu, nilijiona nimefika kwa jamaa.

Jina hilo alipewa kazini. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu aliyoyapunguza mwenyewe kwa mkasi wa nyumbani, na husema "taratibu" kwa kila kitu: kwa ndama anayeshushwa garini, kwa anayebamiza mlango, hata kwa chai ikiwa ya moto. Ameendesha pikapu ya kituo tangu ilipokuwa na rangi. Wakubwa wamekuja na kuhamishwa, madaktari wa mifugo wamekuja, wameoa, wameolewa, wameondoka. Yeye na gari wamebaki. Funguo hulala kwake. Siku akiugua, gari nalo hulala uani chini ya turubai na wafugaji husubiri, kwa sababu hakuna mwingine anayethubutu kuligusa. Kiti cha dereva kimeshika umbo la mgongo wake kiasi kwamba ukiangalia kikiwa kitupu unaona kama ameketi.

Asubuhi tuliyoondoka niliketi kiti cha nyuma, pembeni ya sanduku la barafu lenye chanjo za ng'ombe. Mbele, kushoto kwa dereva, aliketi daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye sauti ya juu na viatu vya mpira hadi magotini. Niliona mambo madogo ambayo sikuyapa maana. Saa ya dereva ilikuwa imefungwa mkono wa kulia. Mkanda wa kiti, ambao kifungo chake kiko upande wa kushoto, aliuchomeka kwa mkono wa kulia akijipinda kama mtu anayejikuna mgongo.

"Mzee," daktari alimwambia, "shati la kazi liko wapi? Kila siku fulana."

"Linafuliwa."

"Wiki nzima? Mnalifua kwa kijiko?"

Taratibu alicheka kidogo, akawasha gari.

Hatukutoka hata nje ya mji. Kwenye mzunguko wa kwanza gari lilinguruma chini, likarukaruka kama punda aliyekataa mzigo, na matairi ya mbele yakalia. Usukani ulikuwa mzito. Nilimwona akiukumbatia kwa mkono wa kulia na kuusukuma kwa bega.

"Limeanza tena," alisema daktari.

"Lami hii mbovu."

Lami ilikuwa laini kama meza. Tulipofika kona ya mafundi seremala, ambao huanika vitanda na makabati yao kando ya barabara, gari halikutaka kukata kona. Lilienda mbele kwa ukaidi, likapanda ukingo, likasimama mbele ya kitanda kipya kana kwamba lilitaka kujilaza. Seremala mmoja alikuwa ameruka nyuma ya kabati. Alichungulia.

"Wewe! Unakuja kununua au kuvunja?"

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa anatazama taa ndogo ya njano iliyokuwa inawaka kwenye dashibodi.

"Mzee, hii taa si ya fowili?"

Fowili ni ile gia fupi iliyosimama pembeni ya gia kubwa. Ukiiingiza, magurudumu yote manne yanavuta kwa pamoja, na gari linatoka kwenye tope. Ukifika lami unaitoa, magurudumu ya nyuma yanaendelea na kazi peke yake. Dereva yeyote wa milimani anajua hivyo kama anavyojua kufunga zipu.

"Imeganda," alisema Taratibu. "Imeganda asubuhi hii tu. Twende kwa shemeji."

Shemeji ni kaka wa mkewe, na gereji yake haiko mbali na pale. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, kila kona ikitupigia kelele. Nimeketi katika gereji za nchi nyingi, kwa kuwa anayesafiri kwa magari ya watu huishia humo, na zote zina kiti kimoja kilichong'olewa kwenye basi. Cha hapa kilikuwa cha bluu, springi zimechomoza, na mbele yake injini iliyokufa ilitumika kama meza. Nusu ya uwanja ilikuwa na bati juu, nusu nyingine jua. Grisi ilikuwa imeingia ardhini mpaka udongo unang'aa.

Fundi alitoka chini ya gari jingine kwanza miguu, kisha tumbo, kisha tabasamu.

"Heh! Leo umenikumbuka. Nilidhani dada yangu amekufungia ndani."

"Dada yako hanifungii. Ananifukuza."

"Anakufukuza halafu anakupikia. Nyie mmezeeka vibaya." Akamgeukia daktari. "Karibu, daktari. Na mgeni karibu. Kaa hapo, ila usiegemee, kiti kinauma."

Taratibu alieleza kwa maneno machache. Fundi aliingia garini, akakanyaga klachi, akashika gia fupi, akavuta. Haikusogea. Akavuta kwa mikono miwili mpaka shingo ikavimba. Haikusogea.

"Imekamata kweli," alisema.

Hapo niliona uso wa Taratibu. Mtu aliyeambiwa gari lake limeharibika hukunja uso. Yeye alishusha pumzi, mabega yakalegea, akawa kama aliyesikia habari njema kutoka hospitali. Sikumwelewa.

Daktari alikuja kuketi kando yangu kwenye kiti cha basi. Alikuwa na hasira na hakujua aiweke wapi.

"Unajua mkubwa wetu anataka kuleta dereva mwingine?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Kijana. Anasema mzee amechoka. Mimi ndiye niliyesimama nikakataa. Nikasema gari hili halimjui mtu mwingine, na milima ile haimjui mtu mwingine. Sasa leo anataka kunilaza kwenye kitanda cha seremala. Kama ni gari, sawa, gari litatengenezwa. Kama ni yeye…" Alifungua kifuniko cha sanduku, akagusa barafu, akafunga.

Fundi alianza na rahisi. Aliingia chini na kopo la mafuta ya kulainisha kutu, akapulizia kila kiungo cha ile gia. Alisubiri, akatoka, akavuta. Hakuna. Akarudi chini, akafungua mkono wa chuma unaounganisha gia na boksi yake, ili ajue tatizo liko juu au chini. Gia ikacheza huru kama jino bovu. Kumbe juu hakuna kosa. Boksi yenyewe ndiyo iliyouma meno. Akaigonga kwa nyundo, kwa adabu, kama anayebisha hodi.

"Usiivunje," alisema Taratibu.

"Shemeji, nimewahi kukuvunjia nini? Wewe ndiye uliyevunja redio yangu."

"Redio ilikufa yenyewe."

"Ilikufa mikononi mwako. Ngoja." Sauti ya fundi ilibadilika. Alikuwa amelala chali na macho yake yalikuwa karibu na tairi la mbele. Akalipapasa kwa kiganja, akaenda la pili, akalipapasa nalo. Akatoka chini polepole, akaketi kwenye udongo.

"Umesema imeganda leo asubuhi."

"Asubuhi."

"Kutoka kituoni hadi hapa."

"Ndiyo."

"Njoo uguse."

Taratibu hakwenda. Nilikwenda mimi, na daktari. Ukingo wa tairi ulikuwa umelika kwa pindo zilizochongoka, kama msumeno. Ukipeleka mkono huku, laini, ukiurudisha, unakwaruzwa.

"Tairi haliliki hivi kwa asubuhi moja," alisema fundi. "Hili limeburuzwa kwenye lami siku na siku." Akachukua kitambaa alichofutia mikono, akakikamata ncha mbili, akakisokota mpaka kikajikunja. "Daktari, angalia. Kwenye tope magurudumu yanateleza, kila moja linajipatia nafasi. Lami haitoi nafasi. Ukikata kona, ya mbele yanakwenda mwendo mrefu, ya nyuma mfupi, lakini yamefungwa pamoja. Basi vyuma vya katikati vinajisokota hivi. Kona baada ya kona. Mwisho meno ya boksi yanabanana na gia haitoki hata uitie moto. Shemeji anajua haya. Yeye ndiye aliyenifundisha, mimi nikiwa bado naosha spana." Akamtazama. "Sasa nieleze. Tangu lini?"

"Nilisahau kuitoa."

"Wewe?"

"Mtu husahau."

"Wewe unarudi nyumbani kuangalia kama umefunga mlango ambao umeufunga. Wewe unakumbuka siku niliyokopa nyundo yako kabla sijaota ndevu. Umesahau gia?"

Daktari alisimama. "Mzee, umenipitisha kwenye makorongo yale siku zote hizi na gari hili hivi? Nikikuuliza unaniambia lami mbovu?"

Taratibu alienda kusimama jirani na ukuta akitugeuzia mgongo.

Fundi hakumfuata. Mtu wa gereji akikwama kwa binadamu hurudi kwenye chuma. Alirudisha mkono wa gia mahali pake, akajaribu kulirudisha gari kinyumenyume, maana kurudi nyuma hulegeza kidogo kile kilichosokotwa, lakini ukuta ulikuwa karibu na hakupata mwendo wa kutosha. Basi akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akaiacha gia kubwa huru, haijaingia popote, akapeleka jeki chini ya gurudumu moja la mbele. "Simameni mbali," alisema. Alizungusha jeki. Gurudumu likaanza kuinuka, likabaki limegusa ardhi kwa ncha tu, kisha likaachia.

Lilizunguka lenyewe, nyuma, kwa kishindo kimoja kikavu, kama mtu aliyeamshwa kwa kupigwa kofi. Gari zima lilitikisika. Njiwa waliruka juu ya bati.

"Hiyo," alisema fundi, "ndiyo hasira ya siku zote hizo."

Alishusha jeki, akaingia, akasogeza gia fupi kwa vidole viwili. Taa ya njano ikazimika. Daktari alipumua kwa nguvu.

"Shemeji! Njoo ujaribu."

Taratibu alikuja. Aliketi kwenye kiti chake, akakanyaga klachi, akapeleka mkono wa kulia kupitia kifuani hadi kwenye gia.

"Kwa mkono wa kushoto."

"Inatosha. Nimeona imelegea."

"Unataka kuendesha milimani umejikumbatia? Kwa mkono wa kushoto, shemeji."

Mkono wa kushoto ulitoka mapajani. Ulifika kwenye gia, vidole vikaizunguka, na vikakaa hapo. Aliiingiza kwa kuisukuma na kiganja na uzito wa bega, ikaingia, taa ikawaka. Kisha akavuta ili aitoe. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, na mkono ukaanguka kwenye kiti. Aliuinua tena. Ukaanguka tena. Gia ile ile iliyotoka kwa vidole viwili vya fundi.

Fundi alichomoa simu mfukoni, akaiweka sauti ya nje, akampigia dada yake, mke wa Taratibu.

"Dada, habari za hapo. Mumeo mkono una nini?"

Upande wa pili sufuria ililia, mtu akaiepua.

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Nimeuona."

"Nilimwambia aende hospitali. Akasema ameulalia vibaya. Mimi ndiye ninayemfungia saa na vifungo vya shati, mpaka nikachoka kuficha, nikamvalisha fulana. Yuko hapo? Mwambie mimi sijasema kitu."

"Anakusikia."

"Basi anisikie!" Sauti ikapasuka. "Wewe baba, nimekubembeleza, nimenuna, nimekukanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikakubabuka. Unataka niletewe wewe umefunikwa turubai kama hilo gari lako?"

Taratibu alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mzuri. Alipoanza kusema aliongea na kioo cha mbele.

"Siku ile ya tope kubwa," alisema. "Tulitoka vizuri. Tulipofika lami nikapeleka mkono nitoe gia, mkono haukuwepo. Nauona, lakini haupo. Na daktari ameketi hapa, goti lake hapa. Nikasema nitaitoa nyumbani, nikiwa peke yangu, kwa mkono wa kulia. Taratibu." Alisugua usukani kwa kidole gumba. "Nilipofika nyumbani lami ilikuwa imeshaisokota. Mikono yote miwili, haitoki. Nikasema kesho italegea. Kesho ikawa imebana zaidi."

"Kwa nini hukuja kwangu?" fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza.

"Ungeniuliza ilianzaje."

Hapo nikaelewa ile pumzi aliyoishusha. Siku zote hizo hakujua tena ni gari lililokataa au ni mkono wake. Fundi aliposhindwa kwa mikono miwili, alipata kwa muda mfupi ushahidi kwamba yeye ni mzima.

"Nirefushie," alimwambia fundi ghafla. "Chomelea bomba juu ya gia. Ikiwa ndefu inavutika hata kwa kiwiko, kama ninavyoivuta hii kubwa. Kazi ya muda mfupi kwako."

Fundi alitazama kona aliyoweka mabomba yake. Niliona anapima kwa macho, kwa sababu inawezekana, na kwa sababu aliyemwomba ni mtu aliyemfundisha kushika spana. Alitembea mpaka pale, akachukua kipande, akakipima kwenye kiganja. Kisha akakirudisha.

"Gia naweza kuirefusha, shemeji. Ukipoteza usukani kwenye korongo, nirefushe nini?"

"Fundi mzima unakataa kazi."

"Nakataa."

Daktari alifungua mlango wa dereva. Nilidhani atagomba. Alichuchumaa kwenye udongo wa grisi, akampa vidole vyake.

"Minya. Kulia. Sawa. Sasa kushoto." Alisubiri. "Minya, mzee."

"Naminya."

Alimtazama usoni kwa muda. "Inua mikono yote miwili mbele, fumba macho."

Mikono iliinuka. Wa kushoto ulianza kushuka wenyewe, na yeye hakujua, maana alikuwa amefumba macho, uso wake umetulia, akingoja kusifiwa.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe," alisema daktari. Sauti yake ya juu ilikuwa imekwisha.

"Na mimi ni ng'ombe mzee. Nipe chanjo twende."

"Chanjo itapanda kesho. Leo tunakwenda hospitali. Sogea upande ule."

Hakusogea mara moja. Alikaa pale kwa muda ambao kila mmoja wetu alipata kitu cha kutazama kwingine. Fundi alifuta spana safi. Hatimaye Taratibu alichomoa mkono wake kwenye usukani, akashuka, akazunguka mbele ya gari akiliegemea kidogo kwa kiganja, akapanda upande wa kushoto, mahali ambapo sikudhani amewahi kukaa. Alitafuta mkanda upande usio wake. Fundi alimfungia.

"Nitamfuata dada, tutakukuta huko," alisema. Kisha, kwa sababu shemeji hawezi kuachwa hivi hivi: "Na usimfundishe daktari udereva wako wa kobe."

Daktari alizoea kuendesha gari dogo la mjini, si hili. Lilizimika mara mbili getini. Taratibu alifumba macho kila klachi ilipolia. Kiti cha dereva kilikuwa kikubwa mno kwa daktari; aliketi kwenye umbo la mgongo wa mtu mwingine, kidevu juu ya usukani.

Barabara ya hospitali ilikuwa inachimbwa. Magari yalielekezwa pembeni, kwenye njia ya udongo iliyochanganyika na maji ya bomba lililopasuka. Gari la mbele yetu lilikuwa linateleza huku na huku. Daktari alisimama.

"Hapa tunahitaji…"

"Klachi," alisema Taratibu. "Mpaka mwisho."

Aliketi kushoto sasa, na mkono uliokuwa karibu na gia fupi ulikuwa wa kulia. Aliishika. Ikaingia bila kelele, na taa ya njano ikawaka.

"Usipige mafuta. Liache lijivute. Taratibu."

Tulipita, matope yakitupiga kwenye vioo. Upande wa pili lami ilianza tena, na ukuta mweupe wa hospitali ulionekana, na watu wamekaa nje yake kwenye mabenchi kwa namna ile ambayo watu hukaa nje ya hospitali kila mahali. Daktari alitaka kuendelea moja kwa moja.

"Simama kwanza," alisema Taratibu. "Klachi."

Akavuta gia, ikatoka, akaikazia macho taa ya njano mpaka ilipozimika. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, kiganja juu. Aliuokota kwa mkono wa kulia, akauweka vizuri kwenye goti.

"Haya," alisema. "Sasa nenda."